Ngeli za Kingamwili: Jinsi Maabara Inavyotambua Aina ya Kingamwili Itokayo katika Seli Chotara

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la maabara ambalo ni nadra kuzungumzwa kwa Kiswahili, nalo ni jinsi wataalamu wanavyotambua aina ya kingamwili inayotolewa na seli chotara, yaani seli ziitwazo haibridoma. Huenda msomaji wa jarida la lugha akajiuliza jambo hili linamhusu kwa vipi. Linamhusu kwa njia mbili.

Kwanza, kingamwili zilizotokana na seli za namna hii zimo katika vifaa vinavyotumiwa kila siku katika Afrika ya Mashariki. Kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachohitaji tone moja la damu na kutoa jibu baada ya robo saa au zaidi kidogo, hutegemea kingamwili hizo. Mzazi aliyempeleka mwanawe zahanati na kuonyeshwa mstari mwekundu katika kipande cha plastiki ameshatumia matunda ya ujuzi huu, ajue asijue. Pili, kutambua aina ya kingamwili ni kazi ya uainishaji, na uainishaji ndio msingi wa sarufi ya lugha za Kibantu. Mtu aliyekwisha kujifunza ngeli za nomino hatakuwa mgeni kabisa katika mambo yatakayoelezwa hapa.

Neno "ngeli" lenyewe, ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na Kihaya, maana yake ni aina. Katika makala haya litatumiwa kutaja kila kundi kubwa la kingamwili, na makundi yaliyomo ndani yake yataitwa ngeli ndogo.

Umbo la kingamwili

Kingamwili ni protini inayotengenezwa na mwili ili kukabiliana na kitu kigeni kilichouingia. Kitu hicho, kiwe ni kijidudu, sumu au protini ya mnyama mwingine, huitwa antijeni. Kingamwili ya kawaida ina umbo linalofanana na herufi Y, nayo imejengwa kwa minyororo minne ya protini: miwili mizito inayofanana, na miwili myepesi inayofanana pia. Katika ngeli iitwayo IgG, kila mnyororo mzito una uzito wa daltoni 50,000 hivi, na kila mnyororo mwepesi daltoni 25,000. Kwa hiyo kingamwili nzima ina daltoni 150,000 hivi. Umbo hili lilifahamika kwa kazi ya Rodney Porter wa Uingereza na Gerald Edelman wa Marekani, ambao walitunukiwa Nobeli mwaka 1972.

Kila mnyororo una sehemu mbili. Iko sehemu badilifu, iliyo kwenye ncha za mikono ya ile Y. Hii ndiyo inayoishika antijeni, nayo hutofautiana sana kutoka kingamwili moja hadi nyingine. Kisha iko sehemu thabiti, ambayo haibadiliki ovyo, bali huwa na maumbo machache tu yanayojulikana. Maumbo hayo ya sehemu thabiti ya mnyororo mzito ndiyo yanayozigawa kingamwili katika ngeli. Ngeli hizo ni tano: IgM, IgD, IgG, IgA na IgE. Katika panya mdogo wa maabara, ngeli ya IgG ina ngeli ndogo nne: IgG1, IgG2a, IgG2b na IgG3. Baadhi ya koo za panya, kama vile C57BL/6, hazina IgG2a, na mahali pake zina IgG2c. Minyororo myepesi nayo ni ya namna mbili, kappa na lambda. Katika panya huyo asilimia 95 hivi ya kingamwili huwa na kappa.

Hapa mfano wa lugha unaweza kusaidia. Mzizi -toto hutupa maneno mtoto, kitoto na utoto. Mzizi ni ule ule, lakini kiambishi kinaliweka kila neno katika ngeli yake na kuliamulia upatanisho wake katika sentensi. Kadhalika seli inayotengeneza kingamwili huanza kwa kutoa IgM, na baadaye huweza kuibadili sehemu thabiti na kutoa IgG, IgA au IgE, huku sehemu badilifu ikiendelea kuishika antijeni ile ile. Mfano huu una mipaka, kwa kuwa kiambishi cha nomino hubadili pia maana ya neno. Lakini unatosha kuonyesha kwamba mambo mawili hayana budi kutenganishwa: kitu ambacho kingamwili inakishika, na ngeli ambayo kingamwili imo. Kuujua mzizi hakutoshi kumwambia mtu ngeli, na kuijua ngeli hakumwambii mzizi.

Seli chotara

Seli moja iliyokomaa kwa kazi ya kutoa kingamwili hutoa kingamwili ya namna moja tu. Bahati mbaya, seli hiyo ikiondolewa mwilini na kuwekwa katika chupa ya maabara hufa baada ya muda mfupi. Kwa upande mwingine, seli za saratani iitwayo mieloma huweza kuishi na kugawanyika chupani pasipo kikomo. Mwaka 1975, Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, wakifanya kazi pamoja mjini Cambridge, Uingereza, walitangaza kwamba wamefaulu kuziunganisha seli za namna hizo mbili. Panya alikuwa amedungwa chembe nyekundu za damu ya kondoo. Seli za wengu wake, au bandama kama wengine waitavyo, ziliunganishwa na seli za mieloma. Na chotara waliozaliwa walirithi uwezo wa kutoa kingamwili kutoka upande mmoja, na maisha marefu kutoka upande wa pili. Mwaka 1984 wataalamu hao walitunukiwa Nobeli pamoja na Niels Jerne.

Baada ya seli kuunganishwa hapana budi chotara watenganishwe na seli zisizoungana. Hufanywa hivi. Katika maji ya kukuzia seli hutiwa dawa iitwayo aminopterini, ambayo huziba njia kuu ambayo seli huitumia kutengeneza vijenzi vya DNA. Seli yenye kimeng'enya fulani huweza kupita njia ya pembeni, iwapo itapewa malighafi zake, yaani haipozanthini na thaimidini. Mieloma zinazotumiwa huwa zimechaguliwa makusudi kwa sababu hazina kimeng'enya hicho, kwa hiyo hufa. Seli za wengu zinacho, lakini hazina umri mrefu. Chotara peke yake ndiye mwenye vyote viwili, naye hubaki.

Ujuzi huu haukukawia kufika Kenya. Katika ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973 na kujengwa Kabete, Nairobi, kingamwili za seli chotara zilikwisha kutumiwa kufikia mwaka 1980 katika kutofautisha namna mbalimbali za Theileria parva, kijidudu kinacholeta ndigana kali ya ng'ombe. Maabara hiyo iliunganishwa na taasisi nyingine mwaka 1994 na kuwa ILRI ya leo.

Kwa nini ngeli itafutwe

Mtafiti aliyepata seli chotara inayotoa kingamwili anayoitaka angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu ngeli ndiyo inayoamua jinsi kingamwili hiyo itakavyoweza kusafishwa, kuhifadhiwa na kutumiwa.

Tuanze na kusafisha. Njia mojawapo iliyoenea ni kuipitisha kingamwili katika bomba lililojazwa vipunje vyenye protini A, ambayo hupatikana kwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Protini A huishika sehemu thabiti ya kingamwili, na uchafu mwingine huoshwa ukaenda zake. Lakini haizishiki ngeli zote sawasawa. IgG2a na IgG2b za panya hushikwa vizuri. IgG1 hushikwa kwa ulegevu, isipokuwa chumvi ikizidishwa na maji yakifanywa kuwa ya kialkali. IgM kwa kawaida haishikwi. Mtafiti asiyeijua ngeli ya kingamwili yake anaweza kuimwaga yote pamoja na maji ya kuoshea, akafikiri kwamba seli zake zimeacha kazi.

Kuhifadhi nako kuna mambo yake. IgM, ambayo ni kubwa kwa kuwa vipande vitano vya umbo la Y hushikamana pamoja, huharibika upesi ikigandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. IgG3 ina tabia ya kushikana yenyewe kwa yenyewe na kutua chini, hasa katika baridi. Kuhusu matumizi, IgM na IgG2a huweza kuamsha kwa nguvu mfumo wa protini za damu unaotoboa seli za adui, ilhali IgG1 ya panya ni dhaifu katika kazi hiyo. Anayetaka kingamwili ya kuua seli na anayetaka kingamwili ya kuweka alama tu hawatachagua ngeli moja.

Sababu ya mwisho ni ya ukaguzi. Seli chotara ya ukoo mmoja inatarajiwa kutoa ngeli moja ya mnyororo mzito na namna moja ya mnyororo mwepesi. Zikionekana ngeli mbili, hiyo ni dalili kwamba katika chupa huenda mna koo mbili za seli.

Njia ya jeli

Njia ya zamani kuliko zote zitakazoelezwa hapa ni ile ya Örjan Ouchterlony wa Sweden, iliyotangazwa katika miaka ya 1940. Agari, ambayo hutokana na mwani, huyeyushwa kwa moto na kumiminwa juu ya kioo ili igande. Katika jeli hiyo hutobolewa kishimo kimoja katikati na vingine kukizunguka. Kishimo cha katikati hutiwa maji yaliyotoka katika seli chotara. Kila kishimo cha pembeni hutiwa seramu ya mnyama mwingine, kwa mfano mbuzi au sungura, iliyotayarishwa ili ishike ngeli moja tu ya kingamwili za panya: hiki cha IgM, kile cha IgG1, na kadhalika.

Vimiminika hivyo husambaa polepole ndani ya jeli vikielekeana. Mahali ambapo kingamwili ya panya inakutana na seramu inayoitambua ngeli yake, hushikamana kwa wingi na kufanya mashapo, nayo huonekana kama mstari mweupe. Kwa kawaida mstari hutokea baada ya siku moja au mbili. Kishimo kilichopata mstari ndicho kilichotaja ngeli.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji mtambo wowote, na jibu huonekana kwa macho matupu. Udhaifu wake ni kwamba inahitaji kingamwili nyingi. Maji ya seli chotara huwa na kingamwili kidogo, kwa hiyo mara nyingi hukolezwa kwanza. Tena vipimo vya pande mbili visipolingana mstari huweza kufifia au usitokee kabisa, hata kama ngeli inayotafutwa imo.

Njia ya kimeng'enya

Mwaka 1971 njia nyingine ilitangazwa na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm. Mwaka huo huo wataalamu wa Uholanzi nao walitangaza njia inayofanana nayo. Njia hii hujulikana duniani kote kwa jina la ELISA. Hufanyiwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96, na siri yake ni kwamba protini nyingi hunata zenyewe kwenye plastiki hiyo.

Iko mipango miwili ya kuitumia kwa ajili ya kutafuta ngeli, na tofauti yake inastahili kuangaliwa kwa makini.

Katika mpango wa kwanza, vishimo hupakwa antijeni. Nafasi zilizobaki wazi kwenye plastiki huzibwa kwa protini isiyohusika, ili kitu kingine kisije kikanata humo. Kisha hutiwa maji ya seli chotara, na kingamwili inayoitambua antijeni hushikwa. Vishimo huoshwa. Baada ya hapo kila kishimo hupewa kitendanishi chake, yaani kingamwili ya mbuzi au ya sungura inayotambua ngeli moja ya panya na iliyofungiwa kimeng'enya. Vishimo huoshwa tena, na mwisho hutiwa kemikali isiyo na rangi ambayo kimeng'enya hicho huigeuza iwe na rangi. Kishimo kinachobadilika rangi ndicho chenye ngeli iliyotafutwa. Kemikali moja inayotumiwa sana hugeuka kuwa ya buluu, kisha manjano ikitiwa asidi ya sulfuriki, na ukali wa ile manjano husomwa na mtambo kwa mwanga wa nanomita 450.

Katika mpango wa pili mambo hupinduliwa. Vishimo hupakwa vitendanishi vya ngeli mbalimbali, kila kishimo na chake. Maji ya seli chotara yakitiwa, kingamwili hunaswa katika kishimo cha ngeli yake peke yake. Kisha hutiwa kitendanishi cha jumla, kinachotambua kingamwili zote za panya, kikiwa na kimeng'enya.

Mipango hii miwili haiulizi swali moja. Wa kwanza unauliza: kingamwili inayoishika antijeni hii ni ya ngeli gani? Wa pili unauliza: katika maji haya mna kingamwili za panya za ngeli gani? Iwapo chupa ina ukoo mmoja safi, majibu yatakubaliana. Iwapo mna ukoo wa pili unaotoa kingamwili isiyohusika na antijeni, mpango wa kwanza hautauona, ilhali wa pili utaufichua. Kwa sababu hiyo mtafiti mwangalifu hutumia mipango yote miwili kabla ya kutangaza kwamba seli zake ni safi.

Mgandamano na ukanda wa karatasi

Njia nyingine hutumia chembe zinazoonekana kwa macho, kama vile chembe nyekundu za damu au vipunje vya mpira. Chembe hizo hupakwa kitendanishi cha ngeli fulani na kuchanganywa na maji ya seli chotara. Kingamwili ya ngeli hiyo ikiwamo, kila moja hushikwa na chembe zaidi ya moja, na chembe zote hugandamana. Katika kishimo chenye kitako cha mviringo, chembe zisizogandamana huteremka na kukusanyika katikati kama kitufe. Zilizogandamana hutanda kama mkeka.

Kutokana na wazo hilo kumetengenezwa ukanda mwembamba unaofanana na kipimo cha haraka cha malaria. Vipunje vya rangi hukutana na kingamwili ya panya, na kimiminika hupanda ukandani kikivichukua. Kwenye ukanda mna mistari ya vitendanishi, kila mstari kwa ngeli yake, na vipunje hunaswa penye mstari unaohusika. Jibu hupatikana kwa dakika chache, na ndiyo maana ukanda umependwa na maabara nyingi za leo.

Hata hivyo urahisi huu una mtego. Kingamwili ikizidi sana katika maji, hujaza nafasi zote za kushikia, na daraja baina ya chembe na chembe au baina ya kipunje na mstari halijengeki. Hapo wingi huleta jibu la "hakuna". Ndiyo sababu maji ya seli huzimuliwa sana kabla ya kupimwa, na jibu linalotiliwa shaka hurudiwa kwa vizimuo kadhaa.

Njia ya jeni

Njia zote zilizotajwa huiangalia kingamwili yenyewe. Siku hizi inawezekana pia kuyasoma maagizo ambayo seli huyafuata katika kuitengeneza. RNA hutolewa katika seli chotara, hunakiliwa kuwa DNA, nakala za minyororo mizito na myepesi huzidishwa, kisha mfuatano wa herufi zake husomwa. Sehemu thabiti ikishasomwa, ngeli na ngeli ndogo hujulikana pasipo kubahatisha, na sehemu badilifu nayo huwa imeandikwa. Hata seli zikifa zote kwa sababu friji imeharibika au umeme umekatika, kingamwili inaweza kutengenezwa upya kutokana na maandishi hayo.

Hata njia hii inataka msomaji anayejua anachokisoma. Mieloma nyingi zinazotumiwa katika kuunganisha seli hubeba maagizo mabovu ya mnyororo wa kappa, ambayo huandikwa na seli lakini hayatoi protini inayofaa. Asiyelijua hilo anaweza kuyachukua kuwa ndiyo ya kingamwili yake. Aidha, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulisoma jeni za seli chotara 185 zilizotoka katika maabara kadhaa, na katika 59 kati ya hizo ilionekana minyororo ya ziada inayoweza kufanya kazi. Ni karibu thuluthi moja. Watu walikuwa wakizitumia kingamwili hizo wakiamini kwamba kila moja ni ya namna moja tu.

Kuyasoma majibu

Kila njia huhitaji mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni kingamwili ambayo ngeli yake inajulikana tayari. Kitendanishi cha IgG2b kisipoitambua IgG2b inayojulikana, hakifai. Shahidi wa pili ni maji matupu ya kukuzia seli, yasiyopata kuwekwa seli. Maji hayo kwa kawaida huchanganywa na seramu ya kijusi cha ng'ombe, na vitendanishi vingine hukosea vikashika protini za ng'ombe kana kwamba ni za panya. Maji matupu yakitoa rangi, majibu ya siku hiyo hayana thamani.

Tuseme sasa kwamba mashahidi wote wawili wamesema kweli, na seli chotara imeonyesha IgG1 na IgM kwa pamoja. Yapo maelezo mawili. Huenda kitendanishi kimojawapo kinaingilia ngeli isiyo yake. Hilo huchunguzwa kwa kukijaribu kwa kingamwili zinazojulikana za kila ngeli. Au huenda koo mbili za seli zinaishi chupani. Katika hali ya pili dawa ni kuzitenganisha: seli huzimuliwa hata kwa wastani kila kishimo kipate chini ya seli moja, kila ukoo uliochipuka hupimwa peke yake, na kazi hii hurudiwa mpaka majibu yatulie. Ni kazi ya majuma kadhaa, na mtafiti mwenye haraka hushawishika kuiruka. Lakini wahenga walisema, nazi mbovu harabu ya nzima. Ukoo wa pili ukiwa unagawanyika upesi zaidi utaujaza mtungi, na kingamwili iliyotafutwa kwa miezi itapotea. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa seli zilizoacha kutoa kingamwili, kwa kuwa mara nyingi hukua haraka kuliko zinazofanya kazi. Kwa hiyo ngeli haipimwi mara moja tu. Hupimwa tena seli zinapotolewa katika naitrojeni ya maji na kuyeyushwa.

Tuseme tena kwamba hakuna ngeli iliyoonekana, ijapokuwa antijeni inashikwa. Pengine seli hutoa IgA au IgE na ukanda uliotumiwa hauna mistari ya ngeli hizo. Pengine panya alikuwa wa ukoo wenye IgG2c, na kitendanishi kilichotayarishwa kwa ajili ya IgG2a hakiitambui sawasawa. Pengine kingamwili ni kidogo mno, au ni nyingi mno kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Na ikiwa kappa na lambda zimeonekana pamoja, hapana budi kuulizwa ni mieloma gani iliyotumiwa. Mieloma ya mwaka 1975 ilikuwa ikitoa IgG1 yake yenyewe yenye kappa, na chotara wake waliurithi mzigo huo. Mieloma zisizotoa kingamwili, kama vile SP2/0 na X63-Ag8.653, zilipatikana miaka michache baadaye.

Mwanasarufi ataitambua hali hii. Neno "kijana" kwa umbo lake linaonekana kuwa la ngeli ya KI-VI, lakini husemwa "kijana huyu amefika", wala si "kijana hiki kimefika". Aliyepima kwa kiambishi peke yake na aliyepima kwa upatanisho watatoa majibu mawili, na kila mmoja atakuwa ameona jambo lililopo. Kosa litakuwa la yule atakayeandika jibu pasipo kusema alipima kwa njia gani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ngeli ya kingamwili imo katika sehemu yake thabiti, na kwamba jeli, ELISA, mgandamano, ukanda na usomaji wa jeni ni njia mbalimbali za kuiuliza sehemu hiyo jina lake. Hata hivyo hakuna njia inayoona kila kitu. Mpango mmoja huona kinachoishika antijeni tu, mwingine huona kila kingamwili iliyomo majini, na usomaji wa jeni huona hata maagizo yasiyotekelezwa. Kwa hiyo maneno "IgG1, kappa" yakiandikwa peke yake katika daftari la maabara ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni njia iliyotumiwa, mashahidi waliowekwa, na siku ambayo seli zilipimwa.

Kwa upande wa lugha, yafaa kuangalia ni maneno gani yaliyohitaji kukopwa. Majina ya kemikali na ya seli kadha wa kadha yamekopwa, kama yalivyokopwa na lugha nyingine nyingi. Lakini kuzimua, kukoleza, mashapo, mgandamano, ukoo, chotara na ngeli ni maneno yaliyokuwapo jikoni, baharini, shambani na darasani kabla ya haibridoma kuwapo. Mwalimu wa sayansi anayetaka kumweleza mwanafunzi wake jambo hili kwa Kiswahili hatakosa lugha ya kulielezea. Atakachotakiwa kufanya ni kuliteua kila neno kwa kazi moja na kulishikilia hapo, kama vile mtafiti anavyotakiwa kuhakikisha kwamba kila kitendanishi kinataja ngeli moja tu.